Santuri ya Mwisho ya Philly Lutaaya

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Aghalabu methali hii hutajwa matangani, wakati ambapo haiwezi tena kumfaa aliyekwisha kulazwa kaburini. Mwaka 1989 alitokea nchini Uganda mwanamuziki aliyeamua kuifuata methali hiyo angali hai, mbele ya umma, huku akijua kwamba hapakuwa na dawa ya kumponya. Mwanamuziki huyo ni marehemu Philly Bongoley Lutaaya, na chombo alichokichagua ni kile alichokijua kuliko vyote: santuri.

Wapenzi wa muziki wa Rukoki, Kasese mjini na Bwera, kama walivyo wenzao wa Uganda nzima, humkumbuka Lutaaya kwa nyimbo zake za furaha. Hakuna arusi ya watu wa makamo inayokwisha bila kupigwa walau wimbo wake mmoja. Lakini santuri yake ya mwisho, ile yenye wimbo uitwao Alone and Frightened, yaani mpweke na mwenye hofu, si ya kuchezwa arusini. Ni kazi nzito ya mwanamuziki mkongwe aliyerudi kwa wapenzi wake akiwa na habari ambayo hakuna aliyetaka kuisikia. Zaidi ya miaka 30 imepita, na bado wimbo huo una jambo la kuziambia nyumba za askari, za polisi na za raia wa kawaida.

MUZIKI WA PANDE MBILI

Ili kuelewa uzito wa mwaka 1989 kwa watu wa Kasese, yafaa kwanza kuitazama ramani. Wilaya hii iko chini ya milima ya Rwenzori, kati ya Kampala na Kongo. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi wa makabila mengi. Kiswahili kilipata kazi hapo, machimboni, sokoni na kambini, kwa sababu kila mmoja alihitaji lugha ya kumwelewa jirani yake. Upande wa magharibi, Bwera na Mpondwe zimepakana na Kasindi ya Kongo, na mpakani hapo watu huvuka kila siku kwa biashara na kwa kuwatembelea ndugu zao.

Muziki nao ulivuka. Kutoka magharibi ziliingia nyimbo za Kilingala, hasa za bendi ya OK Jazz iliyoanzishwa mwaka uleule wa 1956 katika mji ulioitwa Leopoldville, ambao sasa ni Kinshasa. Kutoka mashariki zilikuja nyimbo za Kampala katika Kiganda na Kiingereza. Mtu aliyekaa Bwera na redio yake aliweza kugeuza kitufe mara moja tu, na akasafiri kutoka muziki wa nchi moja hadi wa nchi nyingine.

Kwa hiyo misiba miwili ya mwaka 1989 iliwagusa watu wa hapa kutoka pande zote mbili. Tarehe 12 Oktoba alifariki Franco Luambo Makiadi, kiongozi wa OK Jazz, akiwa na umri wa miaka 51. Siku 64 baadaye, tarehe 15 Desemba, akafariki Philly Lutaaya akiwa na umri wa miaka 38. Wote wawili walikuwa wameimba juu ya UKIMWI. Hata hivyo, waliimba kwa namna mbili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoipa santuri ya Lutaaya mahali pake.

KIJANA WA MENGO

Lutaaya alizaliwa Mengo tarehe 19 Oktoba 1951. Aliacha masomo mwaka 1968 na kujitosa katika muziki, wakati ambapo wazazi wengi waliiona kazi hiyo kuwa ya wahuni. Alipitia bendi ya The Cranes, iliyokuwa miongoni mwa bendi zenye jina Kampala. Kutokana na bendi hiyo ndiko ilikotoka Afrigo Band mwaka 1975, bendi ambayo kwa uongozi wa Moses Matovu imedumu kuliko takriban bendi zote za nchi hiyo. Lutaaya mwenyewe alichukua njia ya safari. Alipiga muziki Kongo na Kenya, akafika hata Japani.

Miaka ya fujo na vita nchini Uganda iliwatawanya wanamuziki wengi. Bendi haiwezi kuishi mahali ambapo watu wanaogopa kutoka nyumbani jioni, kwani mapato yake hutegemea hao wanaotoka jioni. Mwaka 1984 Lutaaya alitua Stockholm, mji mkuu wa Uswidi, na huko, pamoja na Waganda wenzake waliokuwa uhamishoni, alirekodi mwaka 1986 santuri ya Born in Africa.

Santuri hiyo ilimfanya kuwa mfalme. Sauti yake ilikuwa safi, ala zilipangwa kwa ustadi wa studio za Ulaya, lakini moyo wake ulikuwa wa nyumbani. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, na watu walihitaji kuimba kwamba wanajivunia walikozaliwa. Nyimbo kama Entebbe Wala zilipigwa kila mahali. Aliongeza baadaye nyimbo za Krismasi ambazo hadi leo hurudi redioni kila ifikapo Desemba.

Yafaa msomaji alitie jambo hili moyoni: mtu huyu hakuwa na haja ya kusema lolote. Alikuwa na jina, alikuwa na wapenzi, na aliishi mbali na macho ya majirani wa Mengo. Kama angenyamaza, pengine angekumbukwa kwa furaha tu.

HOFU YA MIAKA ILE

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Uganda walitambuliwa mwaka 1982 huko Kasensero, wilayani Rakai, kando ya Ziwa Victoria. Watu waliuita ugonjwa huo "silimu", kwa sababu uliwakondesha waliopatwa nao mpaka wakabaki mifupa. Wengine walidhani ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Hapakuwa na tiba, na katika vijiji vingi hapakuwa hata na kipimo.

Habari iliyolishtua jeshi ilitoka mbali. Serikali ya Rais Yoweri Museveni, iliyoingia madarakani Januari 1986, ilikuwa imewapeleka askari 60 nchini Cuba kwa mafunzo. Walipopimwa damu huko, 18 walikutwa na virusi. Septemba mwaka huo, katika mkutano wa kilele wa nchi zisizofungamana na upande wowote uliofanyika Harare, Fidel Castro alimweleza Museveni ana kwa ana kwamba alikuwa na tatizo kubwa. Askari 18 katika 60 ni karibu theluthi moja. Kamanda yeyote anajua maana ya kupoteza theluthi moja ya kikosi kabla risasi haijalia.

Serikali haikulifunika jambo hilo. Wizara ya Afya ilianzisha programu ya kuudhibiti UKIMWI, viongozi waliamriwa kuutaja katika kila mkutano, na redio ilipiga ngoma ya tahadhari kabla ya matangazo yake. Wananchi waliambiwa kwa lugha ya wafugaji kwamba kila mmoja alishe zizini mwake, yaani abaki na mwenzi wake. Maneno hayo yalieleweka hata na asiyejua kusoma.

Lakini palikuwa na pengo. Matangazo yote yalimzungumzia mgonjwa, na hakuna mgonjwa aliyezungumza. Picha zilionesha fuvu la kichwa au jeneza. Mtu aliyeogopa kwamba ameambukizwa alijiona tayari amegeuzwa kuwa fuvu, na kwa hiyo alijificha. Aliyejificha hakupata ushauri, na bila ushauri aliendelea kuwaambukiza wengine. Hivyo hofu, ambayo ilikusudiwa kuuzuia ugonjwa, kwa upande mwingine iliufungulia mlango.

Ni haki kukumbuka kwamba Lutaaya hakuwa mtu wa kwanza kulivunja kimya hicho. Mwaka 1987 Bibi Noerine Kaleeba, aliyempoteza mumewe Christopher mapema mwaka huohuo, alianzisha pamoja na wenzake shirika la TASO la kuwasaidia wagonjwa na familia zao. Waliketi katika vikundi vidogo, wakaambiana ukweli na kushikana mikono. Kazi yao ilikuwa kubwa, lakini ilifanyika ndani ya chumba. Nje ya chumba bado hapakuwa na sura inayojulikana na kila mtu.

APRILI 1989

Mwezi Aprili 1989 Lutaaya alirudi Uganda na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda mashuhuri wa kwanza kufanya hivyo.

Leo mtu anaweza kudhani kwamba umati ulitoa machozi. Sivyo ilivyokuwa. Wengi hawakuamini. Walisema ni hila ya kuuza santuri mpya. Wengine walidai amelipwa na wageni ili aseme uwongo. Mtu aliyeonekana bado ana nguvu, anayevaa vizuri na kusimama wima jukwaani, angewezaje kuwa na ugonjwa uliojulikana kwa kukondesha? Hoja hiyo ya wapinzani wake ilikuwa na funzo kubwa kuliko walivyofahamu wenyewe. Ilionesha kwamba watu walidhani wanaweza kumtambua mwenye virusi kwa kumtazama. Lutaaya, kwa kusimama mbele yao na afya yake ya nje, alikuwa anawafundisha kwamba macho si kipimo.

Baada ya tangazo hilo alizunguka katika shule na makanisa, akiimba na kujibu maswali. Jinsi miezi ilivyopita ndivyo mwili wake ulivyojibu swali ambalo watu walikuwa wameuliza kwa dharau. Waliomwona Aprili akiwa mzima waliona baadaye anavyodhoofika. Filamu iliyotengenezwa juu ya miezi yake ya mwisho, iliyopewa jina lilelile la Born in Africa, ilioneshwa katika televisheni ya Marekani mwaka 1990. Humo anaonekana mtu anayechoka, ambaye hata hivyo anasimama tena mbele ya wanafunzi kwa sababu ameahidi kufika.

WIMBO WENYEWE

Msikilizaji anayetoka katika Born in Africa na kuingia katika Alone and Frightened atadhani amefungua mlango wa nyumba nyingine. Mwendo ni wa polepole. Hakuna mahali pa kupiga makofi. Sauti haikimbizani na ala. Ala zinaisubiri sauti.

Mwimbaji anaanza kwa kueleza maisha ya mtu anayejificha: jinsi siku zinavyokuwa ndefu, jinsi marafiki wanavyopungua, na jinsi anavyokosa hata mkono wa kumshika begani. Kisha anaomba. Haombi fedha wala dawa, kwa sababu dawa haipo. Anaomba asitupwe. Baada ya hapo tu ndipo anapowageukia wasikilizaji na kuwakumbusha kwamba maradhi haya hayatakomea kwake, na mwishoni anawaita watu wote watoke walikojificha na wapambane kwa pamoja.

Mpangilio huo una maana. Wimbo wa kawaida wa maonyo huanza na amri: acheni hiki, fanyeni kile. Huu unaanza na upweke wa mtu mmoja, na amri inakuja mwishoni, wakati msikilizaji amekwisha kumhurumia mwenye kuitoa. Mwalimu yeyote mzuri anajua kwamba mtoto humsikiliza zaidi mtu ambaye amemwonea huruma kuliko yule anayemwogopa.

Jambo la pili ni lugha. Nyimbo nyingi za Lutaaya ni za Kiganda, lakini huu aliuimba kwa Kiingereza chepesi. Kwa wilaya kama Kasese, ambako mama nyumbani huzungumza Lukonzo, sokoni husikika Kiswahili na kutoka ng'ambo huja Kilingala, lugha hiyo ya shule iliufanya wimbo usiwe mali ya kabila moja. Mwanafunzi aliuelewa, akamtafsiria bibi yake, na kwa kutafsiri alilazimika kuyatamka mambo ambayo nyumba nyingi hazikuyatamka. Hiyo peke yake ilikuwa kazi kubwa.

Jambo la tatu ni neno "mimi". Lutaaya hakuimba juu ya mtu fulani wa mbali, malaya wa mjini au dereva wa lori asiye na jina. Alijiweka yeye mwenyewe katika wimbo, baba wa watoto, mtu aliyependwa. Kwa kufanya hivyo aliwaondolea wagonjwa wengine aibu ya kuwa wa kwanza.

WAIMBAJI WATATU

Franco alikuwa ametoa wimbo wake wa Attention na Sida mwaka 1987, miaka miwili kabla ya Lutaaya. Ni wimbo mrefu, uliochanganya Kilingala na Kifaransa, na humo mzee huyo wa muziki anazungumza kama mkuu wa ukoo aliyeitisha baraza. Anawaonya vijana, anawaasa wazazi na walimu, anawataka madaktari wafanye utafiti. Kwa watu wa Bwera waliokulia katika muziki wake, sauti hiyo nzito ilikuwa na mamlaka. Lakini ni sauti ya mwonyaji. Alipofariki, uvumi ulikuwa mwingi kuhusu kilichomwua. Uvumi si ushahidi, na si kazi ya gazeti kumhukumu marehemu. Lililo wazi ni kwamba katika wimbo ule Franco alisimama upande wa mwalimu, na mgonjwa alikuwa mtu mwingine.

Mwimbaji wa pili alizaliwa Unguja. Freddie Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 na akaja kuwa mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, mojawapo ya bendi kubwa za muziki wa roki duniani. Bendi hiyo iliacha kufanya ziara baada ya mwaka 1986. Februari 1991 ilitoa santuri ya Innuendo, ambayo mwimbaji wake aliirekodi akiwa mgonjwa. Wimbo wa mwisho wa santuri hiyo, The Show Must Go On, uliwagusa wengi waliposikia baadaye hali aliyokuwa nayo alipouimba. Baadaye, kwa maana tarehe 23 Novemba 1991 ndipo alipotangaza kwamba ana UKIMWI, na tarehe 24 akafariki.

Hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Ugonjwa ni wa mgonjwa, na kila mtu ana mpaka wake. Lakini tofauti ni kubwa. Mercury aliimba kwa miezi mingi bila kutaja ugonjwa, akautaja siku moja kabla ya kifo. Lutaaya aliutaja Aprili na kuishi nao hadharani kwa miezi minane, akivumilia dharau, maswali na macho ya watu. Franco alitoa onyo, Mercury aliacha muziki wenye maumivu yaliyofichika, na Lutaaya akatoa onyo pamoja na maumivu yenye jina la mwenyewe. Ndiyo maana wimbo wake uliimbwa shuleni na katika mikutano ya afya, kwani aliyeusikia hakuhitaji kuelezwa unamhusu nani.

YALIYOFUATA

Lutaaya alifariki siku kumi kabla ya Krismasi, katika nchi yake. Baada yake kulianzishwa mpango uliopewa jina lake, ambao kwao watu wanaoishi na virusi walikwenda shuleni na vijijini kutoa ushuhuda wao. Tarehe 17 Oktoba ikawekwa kuwa siku ya kumkumbuka. Katika jeshi, Meja Rubaramira Ruranga alijitokeza na kusema wazi kwamba anaishi na virusi, akawa mtetezi wa wenzake kwa miaka mingi. Afisa aliyesema hivyo mbele ya askari alifanya kazi ambayo bango la ukutani lisingeweza kuifanya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wastani wa watu wazima waliokuwa na virusi nchini Uganda ulikadiriwa kufikia kiasi cha 18 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2004 na 2005 ulikuta 6.4 katika kila 100. Ingekuwa kosa kusema kwamba wimbo mmoja ulileta badiliko hilo. Wengi waliokuwa na virusi walifariki, na idadi ikashuka pia kwa sababu ya makaburi. Walikuwepo wauguzi, walimu, viongozi wa dini, vituo vya kupima damu na wananchi waliobadili mienendo yao. Lakini ni vigumu kumshawishi mtu apimwe iwapo jambo lenyewe halitajiki. Lutaaya alilifanya litajike.

Kadhalika, isisahaulike kwamba yeye alikuwa na bahati ambazo wengine hawakuwa nazo. Mwanamke wa kijijini aliyesema ana virusi mwaka 1989 hakuwa na hospitali ya Stockholm wala jina la kumlinda. Aliweza kufukuzwa na wakwe, kunyang'anywa shamba na kuachwa na watoto. Ujasiri wa wanawake wa namna hiyo haukurekodiwa katika santuri yoyote, na haukuwa mdogo kuliko wake.

FUNZO KWA NYUMBA ZA LEO

Tofauti kubwa kati ya mwaka 1989 na sasa ni dawa. Tangu mwaka 2004 Uganda ilianza kutoa bure katika vituo vya serikali dawa za kupunguza makali ya virusi. Mtu anayepimwa mapema na kuzimeza dawa kila siku huweza kuishi miaka mingi, akafanya kazi, akalea watoto na kuwaona wajukuu. Virusi vikidhibitiwa kiasi cha kutoonekana katika kipimo, havimwambukizi mwenzi wake kwa njia ya tendo la ndoa. Mama mjamzito anayetumia dawa ipasavyo huweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Kama Lutaaya angeambiwa mambo haya mwaka 1989, angeyaona kuwa miujiza.

Lakini kimya hakijafa. Kimehama kutoka jukwaani na kuingia chumbani. Askari anayehamishwa kutoka kituo hadi kituo huweza kuzificha dawa zake ndani ya begi, akaacha kuzimeza mbele ya wenzake, na hatimaye akaacha kabisa. Mke huenda kliniki peke yake, akapewa majibu, akarudi na kunyamaza kwa kuogopa kipigo. Mume naye hupima mahali pa mbali, akaficha cheti. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na siri yake, na huenda siri ni ileile.

Kwa hiyo yafuatayo yazingatiwe na kila nyumba:

Kwanza, mume na mke wapime pamoja, hasa baada ya mmoja wao kuwa mbali kwa muda mrefu. Wanaopima pamoja hupokea majibu pamoja, na mshauri huwapo kuwasaidia kuyapokea. Majibu yao yaweza pia kutofautiana, mmoja akiwa na virusi na mwingine hana. Hilo si ajabu wala si ushahidi wa uzinzi wa jana.

Pili, swali la "nani aliyeleta" liachwe nje ya mlango. Halijawahi kumponya mtu, na limevunja nyumba nyingi ambazo dawa ingeziokoa.

Tatu, anayemeza dawa asizikatishe kwa sababu ya safari au uhamisho. Amwarifu mhudumu wa kituo chake mapema, apewe dawa za kumtosha na barua ya kumpeleka kituo kingine.

Nne, polisi, muuguzi au mtu yeyote aliyechomwa na kitu chenye damu ya mtu mwingine, au aliyebakwa, awahi hospitali mara moja. Zipo dawa za kuzuia maambukizo, lakini ni lazima zianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopotea hupunguza nguvu yake.

Tano, watoto waelezwe kwamba virusi haviambukizwi kwa kula sahani moja, kwa kupeana mikono wala kwa kukumbatiana. Mgonjwa atengewe muda wa kuzungumza naye, asitengewe kikombe.

Si lazima mtu apande jukwaani kama Lutaaya. Wimbo wake haukudai hivyo. Mtu mmoja anayeaminika, mke, mume, dada au rafiki wa kambini, atosha kwa kuanzia. Mwenye kumeza dawa mbele ya mtu mmoja amepata mlinzi wa kumkumbusha siku atakayosahau.

Kila mwaka, mwezi wa Desemba huileta sauti ya Lutaaya nyumbani mara mbili. Tarehe mosi, Siku ya UKIMWI Duniani, husikika ule wimbo wa huzuni katika mikutano na redioni. Kisha, Krismasi inapokaribia, husikika zile nyimbo za furaha, na watoto wa Rukoki na Bwera huzicheza bila kujua kwamba mwimbaji wake alifariki katikati ya siku hizo mbili. Wazazi wafanye hisani ya kuwaambia. Wakiuliza alikufa kwa nini, wajibiwe waziwazi, kwa jina la ugonjwa wenyewe, kama alivyoutaja yeye.